Meza ya Wajane: Historia ya Ushemasi na Huduma kwa Wahitaji katika Nchi ya Lusangi



Kila paroki ina vitabu vyake. Kimoja ni cha ubatizo, kingine cha ndoa, kingine cha wafu. Siku ya yubile tunavifungua, tunahesabu majina, tunamshukuru Mungu, na ni vema. Lakini kuna kitabu ambacho paroki yetu, sawa na paroki zote, haikukiandika. Hakuna aliyeandika sahani za bukari na sombe zilizopelekwa jioni kwa mjane asiye na mtoto. Hakuna aliyeandika vijana waliobeba wagonjwa kwa tipoyi wakivuka mito na matope, wala mama waliomlea yatima kana kwamba alitoka tumboni mwao. Na hata hivyo, Injili ya Matayo inatufundisha kwamba siku ya mwisho Bwana atatuulizia mambo yale: njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Juu ya matofali na mabati hatuoni neno.

Katika kurasa hizi tunapenda kuandika sehemu ndogo ya kitabu kile. Tutafuata neno moja la Eklezya, neno la ushemasi, toka Yerusalemu mpaka bonde la Luama. Tuliowahi kugawa chakula siku ya shida tunajua kwamba kukusanya magunia ni kazi, lakini kugawa ni kazi kubwa kupita. Mitume nao walijua hivyo, na ushemasi ulizaliwa siku ile walipoungama kwamba katika ugawaji wao watu fulani walisahauliwa.

I. Manung'uniko ya Yerusalemu

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, hakifichi aibu ya Wakristu wa kwanza. Waamini walikuwa wakiweka mali pamoja, na kila siku chakula kiligawanywa kwa wajane. Lakini kati yao walikuwamo Wayahudi wenye kusema Kiyunani, waliotoka mbali, na wajane wao walisahauliwa. Wenyeji wenye kusema Kiebrania walipata, wageni walikosa. Manung'uniko yakapanda.

Mitume hawakuwafukuza wanung'unikaji, wala hawakusema kwamba Mkristu mwema hukaa kimya. Waliita mkutano, wakaomba watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakawawekea mikono. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Basi inaonekana kwamba kazi ya meza ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliosahauliwa. Tuweke jambo hili moyoni, maana tutarudi kwake mwisho.

Kitabu kile hakiwaiti watu saba wale kwa jina la mashemasi, lakini toka zamani Eklezya imeona ndani yao mbegu ya ushemasi. Neno lenyewe kwa Kiyunani ni diakonos, maana yake mtumishi. Mtakatifu Paulo anawasalimu mashemasi wa Filipi pamoja na maaskofu wao; tena katika barua kwa Waroma anamsifu mama Febe, mtumishi wa Eklezya ya Kenkrea, aliyesaidia wengi. Karibu na mwaka 155, Mtakatifu Yustino aliandika namna Wakristu walivyosali siku ya Mungu. Mashemasi waligawa Ekaristia, wakaipeleka kwa wale wasioweza kufika. Pamoja na hayo, wenye mali walitoa sadaka ya kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Altare na nyumba ya masikini zilikuwa njia moja, na shemasi ndiye aliyepita katika njia ile.

Mwaka 251 Papa Kornelio aliandika barua yenye hesabu ya Eklezya ya Roma: mapadri 46, mashemasi 7, na wajane pamoja na wahitaji zaidi ya 1500 waliolishwa na Eklezya. Mji mkubwa vile, na mashemasi saba tu, kwa kushika hesabu ya Yerusalemu. Miaka saba nyuma yake, mnamo Agosti 258, mmoja wa mashemasi wa Roma, Laurenti, aliuawa katika dhuluma ya Kaisari Valeriano. Masimulizi ya kale yanasema kwamba mtawala alimdai mali ya Eklezya, naye akakusanya vilema, vipofu na masikini, akamwonyesha kwamba hazina ndiyo hii. Na katika nchi za mashariki, Mtakatifu Efremi wa Edesa, shemasi na mtunzi wa nyimbo, alipanga msaada wakati wa njaa kubwa, akafa mwaka 373 baada ya kuwahudumia watu wake.

Baada ya karne zile, kazi ya shemasi ilipunguka polepole. Katika Eklezya ya Kilatini ushemasi ukawa kama ngazi moja tu ya kupandia upadri. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulitamani kazi za zamani zirudishwe, lakini haikufanyika. Masikini hawakuachwa, maana watawa na wenye hospitali za mapendo waliwashika; lakini ule uzi uliofunga altare na meza ya mjane katika mkono wa mtu mmoja ulikuwa umelegea.

II. Nchi ya Maniema iliyojeruhiwa

Tuje sasa kwetu. Kabla ya kusema nani aliwahudumia wahitaji wa nchi hii, tukumbuke namna walivyokuwa wengi.

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Ujiji ilipita Kabambare kuelekea Kasongo na Nyangwe. Pembe za tembo zilipita njia ile, na watu pia, wamefungwa shingoni. Daktari Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi mwaka 1870, miguu yake ikiwa na vidonda asiweze kutembea. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake namna wafanya biashara walivyopiga bunduki sokoni Nyangwe. Watu mamia walikufa kwa risasi na kwa maji ya Lualaba, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Baadaye Kasongo ikawa mji mkubwa wa Tippu Tip na watu wake. Vita kati yao na Serikali ya Mfalme Leopold, toka 1892 mpaka 1894, viliharibu tena vijiji na mashamba, na mnamo Januari 1894 Kabambare yenyewe ilitekwa. Kisha Serikali ile mpya ilileta mizigo yake: upagazi, kodi na kazi ya nguvu. Hata leo, huko Ujiji, Tabora na Bujumbura kuna watu wanaoitwa Wamanyema. Wengi kati yao ni wajukuu wa wale waliotoka nchi hizi, wengine kwa kupenda, wengine kwa minyororo.

Historia hii ina fundisho gumu. Katika safari zake za miaka ile, Livingstone mgonjwa alitunzwa mara nyingi na Mohamad Bogharib, mfanya biashara aliyempa chakula na dawa kwa moyo mwema. Na mtu huyo huyo alikuwa mwenye watumwa. Mkono mmoja ulilisha mgeni, mkono wa pili ulishika mnyororo. Tusiseme upesi kwamba mambo yale ni ya wengine. Kila mtu anaweza kumhurumia anayefanana na rafiki yake, akampita asiyemhesabu kuwa mtu. Ndilo kosa la Yerusalemu lililokomaa mpaka kuwa dhambi kubwa.

Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwanzo wa mwaka 1879. Walijenga Kibanga, ng'ambo ya magharibi ya ziwa Tanganika, mwaka 1883, wakapokea Mpala mwaka 1885. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kukomboa watumwa, zaidi watoto, na kuwalea. Mwaka 1888 Kardinali alizunguka miji mikubwa ya Ulaya, Paris, London na Bruxelles, akihubiri juu ya biashara ya watumwa. Tuseme ukweli wote: watoto waliokombolewa walikaa katika vijiji vya misioni chini ya amri ya mapadri, na uhuru wao ulikuwa na mipaka. Lakini walikula, walitibiwa, walijifunza, na kati yao walitoka watumishi wakubwa.

Mmoja wao ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe. Walimpeleka kusoma udaktari kisiwani Malta, na mwaka 1889 alifika Karema, upande wa pili wa ziwa letu, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Alikuwa daktari na katekista. Alioa, akakaa, akatibu wagonjwa wa Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956. Miaka 67 ya kuosha vidonda! Hakuwekewa mikono kuwa shemasi. Lakini tukiuliza ni nani aliyefanya ushemasi kando ya Tanganika katika siku zile, jina lake litatajwa kati ya majina ya kwanza.

III. Katekista, mtumishi bila stola

Mwanzo wa karne ya 20 misioni ilifika Kasongo, na toka pale Injili ikaenea katika nchi ya Wabangubangu na jirani zao, mpaka Lusangi ikawa misioni yenye vijiji vyake. Nchi ilikuwa ya magonjwa mengi. Hata wenye kujifunza magonjwa hawakupona: daktari Joseph Dutton wa Liverpool, aliyetafuta siri ya homa ya kimputu, aliikamata mwenyewe, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905.

Katika nchi kubwa namna hii padri hakuweza kufika kila mahali. Alizunguka vijiji kwa miguu, kisha kwa baiskeli, na vijiji vya mbali vilimwona mara chache kwa mwaka. Mtu aliyebaki kijijini alikuwa katekista. Alifundisha wakatekumeni asubuhi na watoto mchana, aliongoza sala siku ya Mungu, alibatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa. Lakini kazi yake nyingine haikuandikwa katika ripoti. Ndiye aliyejua nyumba gani haina moto jioni. Ndiye aliyewaita vijana wafunge tipoyi wakati mama mjamzito alipozidiwa. Ndiye aliyesoma barua ya mtoto aliyekwenda machimboni, akaandika jibu. Kwenye kilio alitafuta mbao za sanduku kwa maiti ya mtu asiye na jamaa. Mshahara wake ulikuwa mdogo sana, na mara nyingi aliishi kwa shamba lake na kwa jasho la mke wake.

Na tusiwasahau wake wa makatekista. Nyumba ya katekista ilikuwa nyumba ya wageni wote. Mgeni akifika usiku, katekista husema karibu. Lakini anayetafuta unga ni mama. Kama kuna haki katika historia, jina la mama yule lingeandikwa kando ya jina la mumewe.

Katika miaka ile Eklezya yetu ilipata pia matunda ya daraja takatifu. Stefano Kaoze, mtoto wa nchi ya Mpala, alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza wa Kongo ya wakati wetu. Kabla ya upadri alipokea ushemasi, kama sheria inavyotaka, na katika maisha yake tunaona kwamba ushemasi ule haukumtoka. Baada ya vita vya pili vya dunia aliitwa kukaa katika Baraza la Serikali ya kikoloni, kati ya wakubwa Wazungu, ili aseme kwa ajili ya watu wake. Kumsemea asiye na sauti ni kazi ya meza vilevile.

Mwaka 1952 Roma ilianzisha Vikarieti ya Kasongo chini ya Monsenyeri Richard Cleire, na mwaka 1959 vikarieti ikawa jimbo. Dispanseri na vyumba vya kuzalisha viliongezeka, na masista waliwafundisha wasichana kazi ya uuguzi. Baadaye, katika miaka ya 1970, waganga wa Chuo cha Antwerpen walishirikiana na waganga wetu katika kazi iliyojulikana kwa jina la Mradi wa Kasongo. Waliweka vituo vya afya karibu na wakaaji, muuguzi akijua jamaa anazozitunza, na hospitali ikiwa nyuma yake kwa mambo makubwa. Mafundisho ya Kasongo yalisomwa mbali, yakawa kati ya mifano iliyotazamwa nchi ilipogawanywa katika zoni za afya 306. Siri yake haikuwa ngeni kwa katekista wa zamani: huwezi kumhudumia usiyemjua.

IV. Mwezi wa Novemba 1964

Tunafika sasa kwenye mwezi mmoja ambao Mkristu wa Maniema hawezi kuusahau.

Tarehe 21 Novemba 1964, katika Vatikano, maaskofu wa dunia nzima pamoja na Papa Paulo VI walitangaza hati juu ya Eklezya, na katika namba yake ya 29 walisema kwamba ushemasi unaweza kurudishwa kama daraja la kudumu, hata kwa watu wenye ndoa. Walitaja kazi zake tatu: liturujia, neno na mapendo. Mwaka 1967 Papa aliandika sheria zake: mtu wa ndoa awe ametimiza miaka 35, na mke wake akubali.

Wakati maaskofu walipoandika maneno yale, nchi yetu ilikuwa inawaka. Vita vya uasi vilikuwa vimeenea Maniema toka Julai mwaka ule. Tayari tarehe 1 Januari 1962, kule Kongolo, jirani zetu wa kusini, wamisionari 20 wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameuawa siku moja. Na tarehe 28 Novemba 1964, siku saba tu baada ya hati ya Vatikano, damu ilimwagika ng'ambo ya milima yetu ya mashariki. Huko Baraka waliuawa Wasaveri wawili, padri Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin, na huko Fizi waliuawa padri Giovanni Didonè na padri Albert Joubert, mwana wa Kapteni Joubert na mama Mkongo. Eklezya iliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri, katika Uvira, tarehe 18 Agosti 2024.

Wamisionari walipouawa ao kukimbia, misioni nyingi za nchi hizi zilibaki bila padri. Ni nani aliyeshika Eklezya? Makatekista na mama. Walisali pamoja na watu, walizika wafu, waligawa chumvi kidogo iliyobaki. Wakati Roma ilipoandika kwamba ushemasi urudishwe, katika pori la Maniema kazi yake ilikuwa inafanyika, bila stola wala dalmatika.

V. Mashirika, wabakambi, na shemasi wa siku chache

Baada ya misukosuko ile maaskofu wetu waliendelea na njia waliyoichagua tayari mwaka 1961: kujenga jumuiya hai za Wakristu, ndizo tunazoziita mashirika. Katika Kinshasa, mwaka 1975, Kardinali Malula aliwaweka wabakambi, wanaume walei wenye ndoa, kuongoza paroki. Kwetu kazi ilibaki kwa makatekista na wakubwa wa mashirika. Tangu mwaka 1966 Monsenyeri Timothée Pirigisha Mukombe aliongoza jimbo la Kasongo, mpaka 1990, na katika miaka ile mashirika yalikuwa shule ya upendano.

Hivi, shemasi ambaye Wakristu wetu wanamjua zaidi ni kijana aliyemaliza teolojia, amepewa daraja, ametumwa paroki kwa miezi michache kabla ya upadri. Tunampokea kwa furaha. Anahubiri, anabatiza, anabariki ndoa, anazika. Lakini tunajua pia namna tunavyomsalimu: toka siku ya kwanza watu humuuliza, "Utapadirishwa lini?" Swali lile linaonyesha kwamba tunauona ushemasi kama chumba cha kungojea.

Sivyo Eklezya inavyofundisha. Anayepewa upadri haachi ushemasi, na anayepewa uaskofu vilevile. Ndiyo maana, katika Misa kubwa, askofu huvaa dalmatika ya shemasi chini ya kasula. Haionekani sana, lakini ipo, karibu na mwili kuliko mapambo mengine.

Sisi wa Kasongo tuna mfano wetu. Monsenyeri Christophe Munzihirwa, Myezuiti, aliongoza jimbo letu toka 1990, kabla ya kuitwa Bukavu. Kule, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Kivu, na wengi walipochoka kuwaona, alisema bila woga kwa ajili yao na kwa ajili ya wenyeji pia. Vita vilipofika alibaki na watu wake. Aliuawa barabarani, mjini Bukavu, tarehe 29 Oktoba 1996. Dalmatika iliyofichwa chini ya kasula ilionekana siku ile.

VI. Orodha

Kisha vita vile vikatufikia. Toka 1996, na zaidi toka 1998 mpaka 2003, Maniema ilifungwa. Barabara zilikufa, chumvi na sabuni zikawa mali ya wachache, vijiji vilikimbilia porini. Wanawake walitendewa mabaya ambayo wengi wao hawajayasema mpaka leo. Na amani ilipotangazwa, haikukaa kila mahali. Katika teritwari yetu ya Kabambare, pande za Salamabila, karibu na zahabu ya Namoya, watu walikimbia tena na tena katika miaka iliyofuata 2016.

Kila mara mambo yanakuwa yale yale. Watu wanafika kwa miguu, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Jamaa za wenyeji zinawapokea, mara nyingi kabla ya msaada wowote kufika, na chakula cha watu sita kinaliwa na watu kumi na wawili. Siku nyingine msaada unafika kutoka Caritas ya jimbo ao kutoka kwa wengine: majembe, mbegu za karanga na mahindi, blanketi, sabuni. Ndipo neno moja linaanza kusumbua kijiji: orodha. Nani ataandikwa? Nani anaandika?

Tunasema hapa bila kumshitaki mtu, maana kosa hili ni la sisi sote. Mwandishi wa orodha anaanza na wale anaowajua. Anamwandika shangazi yake, na kweli shangazi ana shida. Anamwandika mwenye kuhudhuria shirika kila juma. Lakini mjane aliyefika majuzi kutoka ng'ambo ya Luama, asiyesema lugha ya kijiji, asiye na mume wa kumsemea, analala mwisho wa kijiji katika jiko la mtu; jina lake halijulikani. Msichana aliyepata mtoto kwa ubaya wa askari haji mbele, maana anaogopa macho ya watu. Mzee mwenye ukoma hawezi kupiga mstari. Tena kuna jirani Mwislamu ao wa kanisa lingine, na mtu ananong'ona kwamba yeye ana wenzake wa kumsaidia. Jioni magunia yamekwisha, hesabu ni safi, na waliosahauliwa wamesahauliwa.

Hapo tumerudi Yerusalemu, katika sura ya 6.

Basi yubile itusaidie kufanya waliyofanya mitume. Tunapendekeza mambo matatu mbele ya baraza la paroki na mbele ya mashirika yote.

Kwanza, kila shirika liwe na daftari la wahitaji, wakati wa amani pia, lisomwe na kusahihishwa kila mwezi. Orodha inayoandikwa siku msaada unapofika imechelewa.

Pili, kati ya wenye kugawa wawemo daima watu wa upande unaosahauliwa: mmoja wa waliofika mwisho, mjane mmoja, mmoja asiye wa ukoo wa kijiji. Mitume hawakuona haya kuwapa Wayunani meza yote. Tusione haya kuwapa wageni wetu kiti kimoja.

Tatu, shemasi anapofika paroki kwa miezi yake, safari yake ya kwanza isiwe mezani kwa wakubwa. Katekista amwongoze nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa na wajane, na siku ya Mungu aseme katika maombi ya waamini yale aliyoyaona, bila kutaja siri ya mtu. Ndivyo uzi uliolegea utafungwa tena, altare na jiko la mjane vikashikwa na mkono mmoja.

Na ikiwa siku moja Eklezya yetu itaona vema kuwaita wanaume wenye ndoa, waliokomaa kwa imani, wawekewe mikono kuwa mashemasi wa kudumu kati yetu, hatutakuwa tumeanza jambo geni. Neema ya sakramenti itashuka juu ya kazi ambayo wazee wetu waliifanya miaka mingi kwa miguu iliyopasuka.

Wapendwa, tumeanza na kitabu kisichoandikwa. Hatuwezi kukiandika chote, Mungu amekishika. Lakini leo jioni, ngoma za yubile zitakapotulia na sahani zitakapohesabiwa, kila mmoja aulize nyumbani mwake: nani hakula pamoja nasi? Halafu asimame, achukue sahani, aende.

Mtakatifu Stefano na Mtakatifu Laurenti, mashemasi na mashahidi, mtuombee. Wenye heri wa Fizi na Baraka, mtuombee. Na makatekista wetu wote waliotangulia, pamoja na wake wao, Bwana awaketishe kwenye meza yake, yeye mwenyewe awahudumie. Amina.